Ukuta wa Karatasi: Waroma wa Ulaya na Makazi Wanayotengewa

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, ndugu zangu mliofika jioni hii, shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Leo ni tarehe 8 Aprili. Siku kama hii mwaka 1971, wajumbe wa Waroma kutoka nchi kadhaa walikutana karibu na London, wakakubaliana juu ya bendera yao na wimbo wao. Bendera hiyo ni buluu juu na kijani chini, na katikati ina gurudumu jekundu. Kwa kuwa wengi mliomo humu ni watu wa mipango miji, sheria na ustawi wa jamii, sitawachosha na sherehe. Nitasema juu ya nyumba.

Kwanza niondoe utata wa jina. Ninaposema Waroma sisemi wenyeji wa mji wa Roma, wala raia wa Romania, ingawa Romania nayo ina Waroma wengi. Ni watu wanaojiita hivyo kwa lugha yao, Kiromani, ambamo neno "rom" lina maana ya mwanamume au mume. Mababu zao walitoka kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi yapata miaka elfu moja iliyopita. Mpaka leo anayejua Kihindi akisikia wanavyohesabu moja hadi kumi atazitambua tarakimu kadhaa. Ulaya nzima wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 10 na 12, na kama milioni 6 kati yao wako ndani ya Umoja wa Ulaya. Uingereza wapo wanaojiita Gypsy wenyewe bila kuona haya, lakini Ujerumani neno Zigeuner ni tusi, na Romania neno țigan ni tusi. Anayeandika kwa Kiswahili aandike Waroma, basi.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waroma wako Ulaya zaidi ya miaka mia sita na bado wanahesabiwa siku ya pili. Katika tawala za Wallachia na Moldavia, ambazo leo ni sehemu ya Romania na Moldova, walikuwa watumwa kisheria, wakiuzwa pamoja na mashamba au bila mashamba, mpaka mwaka 1855 na 1856. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Agosti 1944, Wanazi waliua zaidi ya Waroma 4,000 waliobaki katika sehemu yao ya kambi ya Auschwitz-Birkenau, wengi wakiwa wanawake, watoto na wazee. Bunge la Ulaya lilisubiri hadi 2015 kuitambua tarehe 2 Agosti kuwa siku ya kuwakumbuka. Nayataja haya kwa sababu mtu akiambiwa kwamba Waroma wanaishi pembezoni kwa mapenzi yao, ajue kwanza wametoka wapi.

Ninachotaka kukisema ni kimoja. Mtaa wa Waroma wenye matope na bomba moja la maji haukutokea wenyewe, na haukuletwa na mila. Umetengenezwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina karatasi iliyotiwa saini. Karatasi hizo karibu zote zilitolewa kwa maneno yale yale, kwamba mpango huu ni wa muda tu. Tukizifuata moja baada ya nyingine tutaona pia pa kuanzia kuzifungua.

Bulgaria na Serbia mtaa wa namna hii huitwa mahala. Hamjasikia vibaya. Neno hilo waliletewa na Waturuki, na Waturuki walilipata kwa Waarabu, kwenye shina lile lile lililotupa sisi mahali na mahala. Kwetu ni popote. Kule, katika mazungumzo ya kila siku, mara nyingi neno hilo humaanisha waliko Waroma. Slovakia huitwa osada, Hungaria telep, na Italia kwa miaka mingi ofisi za serikali zimeandika campo nomadi, yaani kambi ya wahamaji.

Karatasi ya kwanza ni ya ardhi. Makazi mengi ya Waroma mashariki mwa Ulaya yalikua wakati wa ukomunisti, pembeni mwa viwanda na mashamba ya ushirika walikoajiriwa. Walijenga kwenye ardhi ya serikali, serikali ikaona na ikanyamaza. Baada ya 1989 viwanda vikafungwa, na ardhi ikarudishwa kwa wamiliki wa zamani au ikawa mali ya halmashauri. Siku moja tu nyumba ya miaka thelathini ikageuka kuwa jengo haramu. Nyumba isiyo na kibali cha ujenzi haiwezi kusajiliwa, isiposajiliwa haina namba, na isiyo na namba haimpi mkaaji anwani. Hapo ndipo mnyororo unapoanza kukaza. Romania, mtu asiyeweza kuonyesha hati ya makazi alikuwa akipewa kitambulisho cha muda cha mwaka mmoja tu, na kila mwaka akarudi kupanga foleni upya. Bila anwani huingii kwenye orodha ya daktari wa eneo, huombi nyumba ya halmashauri, unasumbuka kuandikisha mtoto shule, na mwajiri akiona kitambulisho cha muda anakuuliza kwa nini. Ofisa wa kila dirisha anasema kweli anapokwambia hana la kufanya, maana kosa liko dirisha la kabla yake. Hii ndiyo sababu kazi ya mwanasheria mmoja mahakamani, hata ikishinda, huishia kufungua dirisha moja tu.

Kisha inakuja mita. Katika mji wa Dupnitsa, Bulgaria, kuna mtaa uitwao Gizdova mahala. Mwaka 1999 na 2000 kampuni ya umeme ilipandisha mita zote za mtaa huo juu ya nguzo, urefu wa mita 6 hadi 7 kutoka ardhini. Mitaa mingine ya mji mita zilikuwa mahali pa kawaida, zisizozidi sentimita 170. Kampuni ilisema inazuia wizi wa umeme. Matokeo yake, mteja alipokea bili asiyoweza kuihakiki, kwa sababu huwezi kusoma tarakimu zilizo juu ya kichwa chako mara tatu ya urefu wako. Aliyefungua kesi alikuwa mwenye duka la mtaani hapo, na hakuwa Mroma. Tarehe 16 Julai 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba mtu anayeumia kwa kipimo kilichowekwa kwa sababu ya kabila la mtaa analindwa na sheria hata kama yeye si wa kabila hilo, na ikasema kupandisha mita za mtaa mzima kunawapaka wakazi wote tope la wizi. Nawaomba wanasheria mlishike hilo la pili. Wizi wa umeme upo, na dawa yake inajulikana: mita ya kila nyumba, ukaguzi wa kila nyumba, au mita za kulipia kabla kama mnavyozijua nyumbani kwa tokeni na LUKU. Kuadhibu mtaa ni jambo jingine kabisa.

Na maji ni hivyo hivyo. Luník IX ni mtaa wa maghorofa katika jiji la Košice, mashariki mwa Slovakia. Wakazi wa kwanza walikuwa mchanganyiko, wakiwemo Waroma na watu wa vyombo vya usalama. Mtaa ulipangwa kwa watu kama 2,500. Katika miaka ya 1990 jiji lilianza kuhamishia hapo familia zilizoshindwa kulipa kodi ya pango, wasio Waroma wakahama mmoja mmoja, na idadi ikapanda mpaka makadirio ya watu 6,000. Angalieni kilichoharibika hapo kiufundi. Maghorofa ya aina ile yana bomba kuu moja linalopanda kutoka chini hadi juu, na deni linahesabiwa kwa jengo zima. Familia kumi zikilipa na ishirini zisilipe, kampuni inafunga bomba kuu, na zile kumi zinakosa huduma pamoja na wadaiwa. Mwezi unaofuata hata aliyekuwa analipa anajiuliza analipia nini. Gesi ikakatwa, kisha joto la majengo, na maji yakawa yanatoka kwa saa maalumu tu. Huko baridi ya Januari hushuka chini ya sifuri, kwa hiyo watu wakawasha kuni ndani ya vyumba vya zege visivyo na dohani. Moshi na unyevu ukala kuta, majengo yakatangazwa hatari, na baadhi yakabomolewa. Papa Fransisko alipofika hapo Septemba 2021, dunia ilipiga picha za madirisha yaliyovunjika na kusema tazameni wanavyoishi. Mabomba hawakuyapiga picha.

Utafiti wa Wakala wa Haki za Msingi wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2021, uliofanywa katika nchi kadhaa, uliona kwamba asilimia 22 ya Waroma wanaishi katika nyumba zisizo na maji ya bomba ndani, na zaidi ya nusu wanaishi katika nyumba mbovu, aidha zenye giza, au zinazovuja, au zisizo na choo na bafu. Asilimia 80 walikuwa chini ya kiwango cha hatari ya umaskini, wakati wastani wa Umoja wa Ulaya wote ulikuwa 17. Mwanamke wa Kiroma katika utafiti huo anatarajiwa kufa miaka 11 kabla ya jirani yake asiye Mroma. Hii ni Ulaya, ndugu zangu, karne hii.

Sasa nije kwenye hilo neno "kwa muda", kwa sababu ndilo lililoumiza watu zaidi ya yote.

Juni 1999, vita vya Kosovo vilipokwisha, mtaa wa Waroma wa Mitrovica, uliokuwa na watu kama 8,000, ulichomwa moto. Baadhi ya waliokimbia waliwekwa katika kambi za dharura zilizokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, jirani na machimbo ya Trepča, karibu na malundo ya taka za madini ya risasi. Ilikuwa hifadhi ya muda mfupi. Ikadumu zaidi ya miaka kumi. Risasi ikiingia katika damu ya mtoto mdogo inaharibu ubongo, na hakuna kiwango cha chini kinachohesabiwa kuwa salama. Inaingia kwa vumbi la mikononi, kwa udongo anaochezea, kwa mboga iliyolimwa hapo. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani mwaka 2004 vilionyesha hatari hiyo wazi. Watu hawakuondolewa mara moja. Zikafuata barua na mikutano na kuhamishiwa kambi nyingine ya jirani. Mwaka 2016 jopo la haki za binadamu la Umoja wa Mataifa lenyewe lilisema utawala wa Umoja huo huko Kosovo ulivunja haki za wakazi hao. Walioumia wakiwa watoto wachanga walikuwa wamekwisha kuwa vijana.

Cluj-Napoca, Romania, ni jiji tajiri la vyuo vikuu na kampuni za kompyuta. Tarehe 17 Desemba 2010, katikati ya majira ya baridi, jiji liliondoa familia 76, watu kama 350, wengi wao Waroma, kutoka barabara ya Coastei iliyoko katikati ya mji. Watu hao walikuwa na kazi mjini na watoto wao walisoma shule za jirani. Familia 40 zilipewa vyumba vya kuunganishwa huko Pata Rât, pembeni mwa jalala kuu la jiji. Chumba kimoja kilikuwa na mita za mraba 16 hadi 18 kwa familia nzima, na familia nne zilichangia bafu moja. Waliosalia hawakupewa chumba, wakajenga vibanda vyao pembeni. Ukipima kwa ramani si mbali. Lakini mtoto akifika shuleni nguo zake zinanuka jalala, na hapo mwalimu na wanafunzi wenzake wanamaliza kazi ambayo halmashauri iliianza.

Italia walienda mbali zaidi, wakaandika sheria. Katikati ya miaka ya 1980 mikoa kadhaa ilipitisha sheria za kuwalinda "wahamaji" kwa kuwajengea kambi, kwa imani kwamba Mroma hakai nyumbani. Wengi wa walioingizwa humo hawakuwa wahamaji hata kidogo. Wengine ni wakimbizi wa Yugoslavia waliozaliwa na kukulia kwenye nyumba za matofali. Wema uliojengwa juu ya jambo lisilo kweli ulizaa kambi zenye uzio. Ile ya La Barbuta, Roma, ilifunguliwa 2012 jirani na uwanja wa ndege wa Ciampino. Tarehe 30 Mei 2015 mahakama ya madai ya Roma iliamua kwamba kuwakusanya watu wa kabila moja katika eneo kubwa lililotengwa ni ubaguzi, bila kujali ubora wa majengo. Maneno hayo ya mwisho nayarudia kwa wahandisi waliopo, kwa sababu kila mara mpango mbaya hutetewa kwa picha ya paa jipya.

Nataka niseme kidogo kuhusu kuta zenyewe. Ziko nyingi na zinaweza kutupoteza. Tarehe 13 Oktoba 1999 katika barabara ya Matiční, mji wa Ústí nad Labem, Jamhuri ya Cheki, ulijengwa ukuta kati ya maghorofa ya Waroma na nyumba za majirani waliolalamikia kelele na taka. Dunia ikapiga kelele, na tarehe 24 Novemba ukabomolewa. Wengi wanaihesabu hadithi hiyo kuwa ushindi. Lakini serikali ilitoa fedha, na sehemu ya fedha hizo ikanunua nyumba za wale majirani ili wahame. Ukuta uliondoka, na majirani nao wakaondoka. Utengano ulikamilika bila tofali hata moja kusimama. Ndiyo maana nasema tusihesabu kuta. Tuhesabu nani anapata anwani wapi.

Tena kuna soko. Mroma mwenye mshahara na dhamana ya miezi mitatu mkononi anapiga simu kuulizia chumba, anaambiwa njoo uone. Akifika, kimekwisha kupangishwa. Cheki hali hiyo imezaa biashara ambayo wenyewe Wacheki wanaiita biashara ya umaskini. Mwenye bweni anachukua jengo lililochakaa, anapangisha chumba kimoja kwa familia na kutoza kwa kichwa badala ya kwa mita za mraba. Familia ya watu sita inalipa chumba kimoja chenye jiko la pamoja kwa bei inayoweza kuzidi ya nyumba ya kawaida ya halmashauri. Anayelipa sehemu kubwa ni serikali kupitia ruzuku ya makazi. Fedha ya umma, kwa hiyo, inanunua utengano, na inaununua ghali.

Shule sitaikawilia, ila mjue inafuata nyumba kama kivuli. Kesi ya watoto 18 wa Ostrava, Cheki, iliamuliwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, tarehe 13 Novemba 2007. Takwimu zilizotolewa zilionyesha kwamba mtoto wa Kiroma mjini humo alikuwa na uwezekano mara 27 zaidi ya mtoto mwingine kupelekwa shule maalumu za wenye upungufu wa akili. Mlioko kwenye utafiti, tazameni takwimu zile zilivyopatikana. Serikali haikuwa na hesabu ya makabila. Kituo cha Ulaya cha Haki za Waroma kiliwaandikia walimu wakuu wa shule za mji mwaka 1999 na kuwauliza kila mmoja ana wanafunzi wangapi na Waroma ni wangapi. Majibu ya walimu wakuu wenyewe ndiyo yaliyobeba kesi.

Basi tunafanyaje? Naanza na ushahidi, kwa sababu bila huo tutabaki kulalamika. Kwa upande wa upangaji, dawa ni upimaji wa jozi. Chukueni watu wawili wenye umri, kipato na watoto sawa, mmoja Mroma na mmoja si Mroma. Mroma apige simu kwanza, mwenzake apige ndani ya saa moja. Kila mmoja aandike papo hapo saa, namba aliyopiga, na maneno aliyojibiwa, bila kushauriana. Kinachoharibu upimaji ni mambo mawili: wapimaji kutofautiana kwenye jambo la ziada, kama mmoja kutaja mbwa, na maandishi kuandikwa kesho yake. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 43 la mwaka 2000 linahusu nyumba pia, na linasema mlalamikaji akishaonyesha dalili za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mlalamikiwa. Dalili hizo ndizo mnazotafuta. Kwa upande wa huduma, ramani inatosha. Pimeni kwa hatua umbali wa kila nyumba hadi kwenye bomba, hesabuni nyumba kwa bomba, pimeni urefu wa mita za umeme, kisha fanyeni hivyo hivyo katika mtaa wa jirani usio wa Waroma. Namba mbili zikiwekwa bega kwa bega zinasema kuliko hotuba yangu.

Kuhusu kubomolewa, kesi ya kushika mkononi ni ya Batalova Vodenitsa, Sofia, iliyoamuliwa tarehe 24 Aprili 2012. Waroma walikuwa wamekaa hapo tangu miaka ya 1960 na 1970 bila hati. Amri ya kuwaondoa ikatoka Septemba 2005. Mahakama ya Strasbourg haikusema ardhi ni yao. Ilisema watu walioachwa hapo kwa miongo mingi hawawezi kutendewa kama waliovamia jana, na kwamba kabla ya kubomoa lazima ofisi ipime uzito wa sababu yake dhidi ya madhara kwa watu, na itafute njia nyingine. Lakini kilichookoa nyumba ni kwamba mahakama iliombwa amri ya kusimamisha mapema, na mwaka 2008 ikaitoa. Mfano wa kuchelewa upo Sulukule, Istanbul, mtaa wa wanamuziki wa Kiroma uliobomolewa 2008 na 2009. Mahakama ya utawala ilifuta mradi ule mwaka 2012, nyumba mpya zikiwa tayari zimesimama. Ushindi uliokuja baada ya tingatinga haurudishi mtu kwake. Ndiyo maana notisi ya kubomolewa ikifika, tarehe iliyo juu yake ndiyo kitu cha kwanza cha kunakiliwa, na ombi la kusimamisha litangulie kabla ya kuandika kesi yenyewe.

Kisha mpangilio wa kazi. Uzoefu wa nchi kadhaa unaonyesha kwamba hatua zikigeuzwa mradi unaharibika hata ukiwa na fedha. Anwani na kitambulisho vitangulie, hata kama ardhi bado ina mgogoro, kwa sababu anwani haimpi mtu umiliki na haimnyimi mwenye ardhi haki yake. Maji yafuate mara moja, kwa bomba na mita ya kila nyumba, hata kama mtaa umepangwa kuhamishwa miaka mitano ijayo, maana miaka mitano hiyo huwa ishirini. Deni la zamani la jengo zima ligawanywe na kutengwa na bili mpya, ili anayelipa leo apate maji leo. Ndipo ije nyumba ya kudumu, nayo iwe ndani ya mji, miongoni mwa watu wengine.

Kosa la kawaida liko hapo mwisho. Fedha za Umoja wa Ulaya zinapatikana, halmashauri inataka kujenga, na ardhi yake rahisi iko pembeni ya mtaa ule ule. Inajenga vyumba arobaini vipya hapo. Miaka kumi baadaye kuna osada kubwa zaidi yenye rangi mpya. Hispania walijifunza hilo kwa gharama. Miaka ya 1980 walijenga mitaa maalumu ya mpito kwa Waroma waliokuwa kwenye vibanda, wakidhani familia zitazoea kisha zihamie kwenye nyumba za kawaida. Mpito haukupita, mitaa ile ikawa vibanda vya zege. Baadaye Madrid ikabadili njia. Ofisi ya umma ilinunua nyumba za kawaida, nyingi zikiwa za mitumba, zilizosambaa katika mitaa mbalimbali, ikaepuka kukusanya familia nyingi katika jengo moja, ikapanga kodi kulingana na kipato, na ikaweka wafanyakazi wa ustawi wa jamii wa kuzitembelea familia baada ya kuhamia. Kutembelea huko ndiko halmashauri nyingi hukata bajeti kwanza, na ndiko kunakookoa mradi, kwa sababu ugomvi wa ngazi na kelele huamuliwa mapema kabla haujafika kwa wakili.

Wapo watakaosema familia za namna hii hazitadumu kwenye nyumba za kawaida. Jiji la Brno, Cheki, lilipima. Kuanzia 2016 lilizipa familia 50 zenye watoto, wengi wao Waroma, zilizokuwa kwenye mabweni na makazi ya dharura, nyumba za kawaida za jiji pamoja na mfanyakazi wa kuwasaidia. Zilichaguliwa kwa bahati nasibu, na familia nyingine zilizobaki nje ya mradi zikafuatiliwa kwa kulinganisha. Baada ya mwaka mmoja asilimia 96 walikuwa bado kwenye nyumba zao. Hakuna aliyewafundisha kwanza kuishi ndani ya nyumba. Walipewa nyumba.

Umoja wa Ulaya mwaka 2020 ulijiwekea lengo kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 95 ya Waroma wawe na maji ya bomba, na pengo la ubovu wa nyumba lipungue kwa theluthi. Lengo hilo linatekelezwa na halmashauri, na halmashauri inaogopa wapiga kura wake. Huko Miskolc, Hungaria, mwaka 2014 halmashauri ilitoa kanuni ya kuwalipa wapangaji wa mitaa duni hadi forinti milioni 2 wakikubali kununua nyumba nje ya mji na kutoiuza kwa miaka 5. Baadhi ya halmashauri za jirani zikatunga kanuni zao za kuwazuia wasije. Mahakama Kuu ya nchi ikaifuta kanuni ya Miskolc mwaka 2015. Nawapa mfano huu mjue kwamba mtu anaweza kufukuzwa kwa hundi pia.

Kwa hiyo mkiletewa mpango wa kuhamisha mtaa wa Waroma, au mtaa wowote wa watu waliozoeleka kusukumwa, msianze na michoro ya majengo. Ombeni kwanza orodha ya kaya zote, si zile zenye hati peke yake, kwa sababu Cluj walioachwa nje ni wale ambao orodha haikuwataka. Ombeni mkataba wa mpangaji mkasome una muda gani. Ukiwa wa miezi, jueni ni kambi. Ombeni majibu ya vipimo vya udongo na umbali hadi jalala la karibu. Ulizeni mita za maji na umeme zitakuwa za nani, na deni la zamani litakwenda wapi.

Halafu ombeni ratiba ya basi na nauli yake. Familia za Sulukule walipewa vyumba safi huko Taşoluk, yapata kilomita 40 kutoka mjini, vya kulipia kwa mkopo wa kila mwezi. Wapiga ngoma na violini hufanya kazi usiku, na usiku hakuna basi la kuwarudisha. Katika familia karibu 300 zilizohamishiwa huko, ndani ya muda mfupi karibu zote ziliacha funguo zikarudi mjini, zikapanga vyumba vya unyevunyevu mitaa ya jirani na pale nyumba zao zilipokuwa.